Mahali Pasipo na Kiingilio

Bari, 3 Machi

Mwanangu Sabino,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Sista Battistina. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka kabla yangu. Natumaini wewe na Lidia hamjambo, na kwamba baridi ya huko mliko, kusikotajwa, imepungua.

Habari ya mtoto niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mmempa jina langu. Sista akaniletea maji bila kuniuliza kitu. Kisha nikarudi kichochoroni kwetu, nikakaa mbele ya meza yangu na kuendelea kubonyeza tambi zangu za kuuza, zile zenye umbo la sikio, kama siku zote. Jirani yangu Carmela akaniuliza, "Nunzia, mbona leo unacheka peke yako?" Nikamwambia jino limeacha kuuma.

Nimepata mjukuu na sina wa kumwambia. Tangu uliposimama mahakamani ukasema uliwaona watu wa genge la Mshonaji wakimuua yule mlinzi wa bandari, mtaa mzima unajua nimekukana. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti sina mtoto anayeitwa Sabino. Nilisema hivyo ili watuache, mimi na mdogo wako. Mimi wameniacha. Onofrio walianza kumwita kunywa kahawa, kisha wakampa pikipiki, na sasa anawabebea vifurushi ambavyo sivijui na sitaki kuvijua. Akila hanitazami.

Kwa hiyo hilo wazo lako la kuja, litoe kichwani. Na picha usitume. Ukituma nitaificha, na nikiificha nitaitazama kila saa, na siku moja mtu ataingia.

Mbusu huyo mdogo kwa niaba yangu, kwenye kisigino.

Mama yako

*

20 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, Mama. Sisi wazima. Nunzia mdogo ananyonya kama mtu aliyeagizwa, na usiku hulala kwa masharti yake mwenyewe. Goti lipashe moto, usilipuuze.

Najua umekataa. Lakini nisikilize kwanza halafu ukatae tena. Kukuleta huku siwezi. Maafisa wanaotulinda hawaruhusu, na hata wangeruhusu, ukipanda treni na begi mkononi Carmela atakuwa ameshatangaza kabla treni haijaondoka. Ila mwezi Mei kuna meli ya watalii itakayotia nanga Bari asubuhi na kuondoka jioni. Hushuka watu maelfu, na wote hufanana: kofia, miwani, chupa ya maji. Jina langu la sasa hakuna anayelijua huko.

Ninachoomba ni mahali. Pasiwe na kiingilio, pasiwe na tiketi, wala mtu wa kuangalia begi mlangoni. Pawe pa kale, ili watalii wawe na sababu ya kusimama hapo, na wewe uwe na sababu ya kupita. Umeishi katikati ya hayo mawe maisha yako yote. Nitafutie.

Maafisa wakigundua wataniondolea ulinzi, hilo nalijua. Lidia naye analijua. Lakini mtoto anakua, Mama, na mimi sitaki aje kukujua kwa kusimuliwa.

Mwanao Sabino

*

Bari, 6 Aprili

Mwanangu,

Nimepokea salamu. Goti ni lile lile. Nashukuru kusikia mtoto ana sauti.

Sijakubali. Nimezunguka tu, kwa sababu daktari kasema nitembee.

Ngome ya mfalme haifai. Siku hizi ni tiketi, na kamera inakutazama hata kabla hujasema habari za asubuhi. Ukuta wa baharini ni bure, unatembea juu yake mwanzo hadi mwisho, lakini umesahau madirisha? Kila dirisha lina mwanamke, na kila mwanamke ana macho. Nguzo yenye simba pale sokoni, walipokuwa wakifungwa wasiolipa madeni, vijana wa Mshonaji ndipo wanapoegesha pikipiki. Kanisa kuu nimelifuta mara moja. Padri alikubatiza pale, na yule mzee hasahau sura.

Nikabaki na Mtakatifu Nikola. Nilishuka kwenye kaburi lake, chini ya kanisa. Kulikuwa na mahujaji wa Kirusi wamejifunika vichwa, wanalia na kubusu sakafu, nikasema hapa hata shetani angepita bila kuonekana. Kisha nikamwona Teodora, dada yake Mshonaji, amekaa karibu na nguzo kama mwenye nyumba. Kumbe huja kila asubuhi.

"Nunzia," akasema, "tangu lini unasali siku za kazi?"

"Tangu goti lianze kuuma."

"Mtakatifu Nikola ni wa mabaharia na wasichana wa kuozwa. Magoti si kazi yake."

"Basi namsumbua tu."

Akacheka. Mimi pia nikacheka, na mgongo wote ukalowa jasho.

Kwa hiyo ni lile kanisa lililoanguka, Mama Yetu wa Shauri Jema, zile nguzo zinazosimama bila paa juu ya sakafu ya kokoto. Sisi wa mtaani hupita bila hata kugeuza shingo. Watalii husimama, hupiga picha, huuliza paa liko wapi. Nimekaa kwenye ngazi yake siku mbili na kitambaa cha kushona. Aliyenisemesha ni Mjerumani mmoja tu, aliyetaka kujua choo kilipo.

Sharti langu ni moja, na hili halina mjadala. Wewe usishuke melini. Aje Lidia na mtoto. Hapa hakuna anayemjua, na mimi nitawajua. Wewe wanakujua hata mwendo wako. Rocco, yule mliyekuwa mkicheza naye mpira, sasa ndiye mkono wa kulia wa Mshonaji. Ukikubali, niandikie siku. Usipokubali, usiniandikie kitu.

Mama yako

*

18 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Wazima wote. Nimekubali.

Ni tarehe 21 Mei. Lidia atakuja kabla ya saa sita, amevaa gauni la kijani, mtoto amembeba kifuani. Atakuuliza njia ya kwenda kanisa la Mtakatifu Gregori. Mweleze taratibu, kama unavyowaeleza wageni, halafu umsifu mtoto. Kila mwanamke wa Bari humsifu mtoto wa mgeni na kuomba kumbeba. Hakuna atakayeshangaa.

Mimi nitakuwa juu melini. Nitauona mnara wa kanisa kuu. Itanitosha.

Mwanao Sabino

*

Bari, 8 Mei

Sabino,

Salamu kwanza, wote hamjambo? Nakuandikia haraka, Sista anasubiri nje ya mlango.

Jana nilikuwa kwenye ngazi ya nguzo, nashona. Onofrio akaja kwa miguu, akakaa karibu nami. Ni muda mrefu hajakaa karibu nami. Akasema, "Mama, tangu lini umekuwa mtalii?"

"Nyumbani hakuna hewa."

"Hewa ipo. Umekaa kule Mtakatifu Nikola, umezunguka ukutani, sasa hapa. Teodora ameuliza kwa nini. Akiuliza Teodora, kaka yake naye anauliza."

Nikamwambia mwanamke mzee akitembea mji wake haombi ruhusa. Alikuwa anachokoachokoa kokoto kwa ncha ya kiatu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kama kuna mtu anakuja, usiniambie. Umenisikia? Nikijua, nitaulizwa. Na mimi wakiniuliza sijui nitasema nini. Kweli sijui, Mama."

Akaondoka. Mpaka sasa sijaelewa kama alinionya au alinitisha. Nimemzaa mimi, na sijaelewa.

Lakini nikikwambia usije, nitakaa kwenye ngazi ile siku zangu zote zilizobaki nikimsubiri mtu wa gauni la kijani. Mtume Lidia. Sharti letu ni lile lile. Ukikanyaga bandarini nitajua, na sitakusamehe.

Mama

*

24 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Sisi watatu ni wazima. Andika hata neno moja, nijue na wewe ni mzima.

Nilishuka. Unajua nilishuka. Lidia alinisihi, tukagombana kwenye chumba cha meli mpaka mtoto akaamka. Nilimwambia nitatazama kwa mbali na kurudi. Nikajiunga na kundi la wazee wa Kijerumani waliokuwa wakimfuata kiongozi mwenye mwavuli mwekundu, nikasimama nyuma yao, ng'ambo ya nguzo. Ndevu, kofia, miwani. Nilikuona umekaa kwenye ngazi. Umekonda, Mama.

Nilimwona Lidia akiuliza njia. Nikakuona ukinyoosha mkono upande wa Mtakatifu Gregori, kisha ukaushusha, na mkono ukatua kichwani kwa mtoto. Ukampokea. Ulimgeuza kama unavyogeuza mkate kuona kama umeiva chini, ukambusu kwenye kisigino. Yule kiongozi alikuwa anaeleza habari za askofu fulani wa zamani, mimi sikusikia neno.

Ndipo walipotokea kwenye tao, Onofrio, Rocco na mwingine nisiyemjua. Wanakuja moja kwa moja. Rocco alikuwa anatazama watalii, mmoja mmoja. Nikageuza uso, na nilipougeuza nikagongana macho na Onofrio.

Alinijua, Mama. Hata ndevu hazikumbabaisha. Tulitazamana muda wa kuvuta pumzi. Nikajisemea, basi, yamekwisha. Akamgeukia Rocco, akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, akamtukania mama yake kwa tusi ambalo watu wa mtaa wetu hawasamehe. Rocco akampiga ngumi. Wakaanguka kwenye kokoto. Wanawake wakafungua madirisha, wazee wa Kijerumani wakapiga kelele, mwenye mwavuli akatusukuma sote kichochoroni kama kondoo. Nikaenda nao. Nilimwacha mdogo wangu chini, damu puani, nikaenda na kondoo.

Lidia alinikuta bandarini. Alisema ulimrudishia mtoto ukamwambia, "Mtakatifu Gregori ni kushoto, binti, tembea, usikimbie."

Wamemfanya nini Onofrio? Niambie.

Mwanao

*

12 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujaandika. Nimempigia Sista kutoka simu ya kituo cha mafuta. Akasema, "Omba," akakata.

Nimewaambia maafisa kila kitu. Wamekasirika. Wamesema wataangalia. Lidia hanilaumu, na ndilo linaloniumiza zaidi. Tafadhali.

Sabino

*

2 Agosti

Mwanangu Sabino,

Salamu nyingi kwako, kwa Lidia na kwa wajina wangu. Sisi hatujambo. Nimesema sisi, endelea kusoma.

Kwanza nikugombeze, maana nimeliweka tumboni zaidi ya miezi miwili. Nilikuona kabla hata Lidia hajafika. Unadhani kofia humficha mtu kwa mama yake? Ulisimama umeelemea mguu mmoja, kama ulivyosimama tangu ukiwa darasa la kwanza. Nilikaa pale nikaeleza njia, nikambeba mwanao, na macho yangu sikuyapeleka kwako hata mara moja. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Onofrio aliwaambia ugomvi ulikuwa wa msichana. Walimwamini, au walijifanya. Kisha mtalii mmoja akaweka mtandaoni video ya ule ugomvi, na nyuma ya mwavuli mwekundu ukaonekana wewe. Walimwita kwenye gereji yao. Walimuuliza mara moja tu. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia, vyote isipokuwa kidole gumba, wakampa siku moja ya kukumbuka jina la meli.

Alikuja nyumbani mkono umefungwa kwa taulo. Nilikuwa mezani, unga umeshakandwa. Sikulia. Nikamuuliza, "Tunakwenda wapi?"

"Kwa hakimu, Mama. Lakini wewe si lazima."

"Si lazima nini? Nani atakukatia nyama?"

Niliufunika unga kwa kitambaa, kama mtu anayetoka kununua chumvi. Carmela akauliza naenda wapi. Nikamwambia kanisani. Akasema, "Siku hizi umekuwa mtakatifu." Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumwambia amwagilie mrehani wangu.

Onofrio amesema yote. Vifurushi, gereji, majina. Alizungumza siku nzima, huku akinitazama usoni. Baada ya hapo wakatuchukua kwa gari hadi hapa. Hapa ni wapi siruhusiwi kukuambia, na hata ningeruhusiwa nisingejua kupatamka. Hakuna bahari. Watu wanakula chakula cha jioni mapema kama kuku. Mkate hauna chumvi ya kutosha. Juzi niliingia kanisani, la kale, mlango wazi, bure kabisa. Nikazunguka nikitazama picha za ukutani na mkoba mkononi. Mwanamke mmoja akaniuliza kama mimi ni mgeni. Nikaanza kusema hapana, nikakumbuka, nikasema ndiyo. Nilikaa kwenye benchi hadi walipozima taa.

Nimeuacha mji wangu, Sabino. Sikuambii ili ujute. Nakuambia kwa sababu nyie wawili tu ndio mnaoujua.

Vidole vya Onofrio vitapona, ila kimoja kitabaki kimepinda. Anakuuliza kama mtoto amerithi pua yako. Anaomba Mungu apishe mbali.

Afisa wetu ni msichana mdogo, anaandika sana na hacheki. Jana alisema huenda mwezi wa tisa wakaturuhusu kuonana, sote, kwa saa chache, mahali watakapopachagua wao. Akaniuliza kama nina mahali ninapopendelea. Nikamwambia popote, binti yangu, hata kituo cha polisi, mradi kuwe na kiti chenye mgongo, maana huyo mtoto sitamshusha upesi.

Aliandika hilo pia.

Mama yenu