Bega la Babu na Harusi ya Nabwire

Changamwe, Mombasa
1978

Ndugu yangu mkubwa Barasa,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye joto na chumvi. Mguu umepona? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi ni mzima, nguvu kama trekta. Hakuna behewa linalotoka hapa kwenda Malaba bila mkono wangu kuligusa. Ukiona limeandikwa "Marachi oyee" kwa chaki, ujue ndugu yako amepita hapo.

Barua yako imeninyima usingizi. Unasema shangazi yetu Akumu amezuia harusi ya binti yako Nabwire, ati yule kijana Wandera wa ng'ambo ya mto ni damu yetu, kwa sababu babu alizaliwa kwao, mtoto wa nyumba kubwa, akavuka kuja Marachi na ng'ombe wake. Na ati Nabwire hali chakula, amekaa tu akiangalia ukuta. Barasa, sikiliza. Habari hii mimi nilipewa na baba mwenyewe, tukilinda mahindi.

Babu alipokuwa kijana hakukuwa na Kenya wala Uganda. Kulikuwa na nyasi, viboko na watu wetu. Mzungu wa kwanza alipopita akitafuta mito ya kuandika kwenye karatasi yake, unadhani nani alimwonyesha njia? Babu! Tena na mzigo begani ambao punda wawili waliukataa. Bila yeye, mzungu yule angekuwa anazunguka Butula mpaka leo.

Lakini walipovuka mto Malaba, ndui ikamshika babu. Msafara ukamwacha kichakani, ukaenda zake. Watu wa kina Wandera ndio walimwokota. Wakamjengea kibanda chake kando, wakamlisha uji mpaka akasimama. Akawachungia ng'ombe, wakamlipa mitamba, akarudi kwao Marachi. Alikuwa mgeni pale, Barasa. Mpagazi mgonjwa.

Najua shangazi hapendi neno hilo, mpagazi. Lakini mwangalie mtu huyo! Ameachwa afe, na bado ameishi miaka mingi baada ya mzungu wake kuzikwa. Aliona nchi yetu yote ikiitwa Uganda. Halafu wakubwa wakakaa mezani huko mbali, babu akalala Uganda akaamka Kenya, na mkeka haujasogezwa. Aliona reli ikifika Malaba, akaipigia kelele kama fahali. Bendera ya uhuru tu ndiyo hakuiona, tukaicheza mimi na wewe kwa niaba yake. Leo pale alipotupwa kuna forodha, malori, na askari anamuuliza mama wa ndizi karatasi. Pori lile limezaa serikali mbili! Ni nchi gani nyingine imeweza hivyo?

Shangazi atasema, "Huyo Ojiambo ni mwongo tangu akinyonya." Sawa. Mwulize hivi: babu alipozikwa, watu wa kina Wandera walikuja, walilia, walileta fahali. Siku ya kunyoa, damu ya marehemu inaponyolewa, nani kati yao alikaa kwenye kigoda akanyolewa pamoja na wafiwa? Wewe ulikuwa umeshika maji ya kunyolea. Walisimama na majirani, nywele zao kichwani. Wenyewe walijua wao si damu.

Na ile nundu ya begani ambayo tulikuwa tunampaka samli? Shangazi anasema ni teke la nyati. Nyati gani huyo anapiga palepale kila siku mpaka ngozi inakuwa soli ya kiatu?

Waambie wazee wasiwarudishe watu wa Wandera. Nimeomba likizo, nakuja na treni. Nisalimie shemeji mama Nabwire, na fundi baiskeli wa sokoni, bado ana pampu yangu. Shangazi mnunulie sukari, mwambie imetoka kwangu. Nabwire mwambie baba yake mdogo amesema ale.

Najua niliwaambia huku mimi ni mkubwa wa mabehewa. Ni kweli, lakini magunia nayo yanataka mtu wa kuyabeba. Nikifika nitavua shati mbele ya wazee, shangazi mwenyewe aweke mkono begani kwangu, kisha akumbuke la baba yake. Ataona nyati ni yuleyule.

Ila nundu yangu, Barasa, nakuambia ukweli, ni kubwa kuliko ya babu.

Ni mimi mdogo wako,
Ojiambo