Walinzi Hawakuamka

Songea

Mdogo wangu Asteria,

Mvua huku imechelewa. Bado nanunua tangawizi sokoni na kuinusa kwanza, nikitafuta harufu ya shamba letu la Mamba. Ya huku haina ukali ule.

Nimepimwa. Nina kirusi cha homa ya ini, na ini lenyewe limeota saratani. Nilimwuliza daktari, kijana mcheshi, mbona mwili ulinyamaza miaka yote.

"Babu, chembe za mwili zina vipokezi vya kumtambua mgeni na kupiga kelele. Hiki kirusi kinanyata, hakiviamshi."

Nikakumbuka ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, lilivyofunguliwa na mwizi wa maji huku baba, mlinzi wake, amelala palepale ukingoni.

"Nilikipata wapi?"

"Pengine kwa mama yako, ulipozaliwa."

Tangu hapo silali. Namwona mama na tumbo lake lililojaa maji, nasi tukimtafuta mchawi. Kisha nakuona wewe, uliyezaliwa na mama huyohuyo, niliyekuachia ziwa lake.

Naogopa kufa, Asteria. Lakini kwa ajili yako naogopa zaidi, kwa sababu kwako dawa bado inaweza kuwahi. Shuka Same ukapime damu, wewe na wanao. Usiniambie kwamba huumwi popote. Hata mimi sikuumwa.

Ukiniandikia, anza na majibu ya damu. Habari za tangawizi zifuate.

Kaka yako anayekusubiri,
Elibariki