Wanawake wa Lambwe na Visanduku Vinne

Lambwe, Jumanne, Agosti 1996

Manyunyu tangu asubuhi. Bonde limejaa ukungu, vilima vya Gwassi vimepotea kabisa, na kitu pekee ninachokiona nje ya ua ni kitambaa cha buluu cha mtego wa mbung'o. Siku kama hii mtu huota akiwa macho.

Fomu ni za Kiingereza, majibu ni ya Kidholuo, nami hapa naandika Kiswahili ili nisiwe upande wa yeyote.

Chuo kilipofungwa baada ya mgomo, nilikuja huku kwa Waya, dada yake baba, na furushi la fomu za profesa wangu wa saikolojia. Yeye huchunguza jinsi akili ya binadamu ilivyoumbika zamani za uwindaji. Anaamini mwanamume huchagua ujana, na mwanamke humchagua mwenye vitu. Kazi yangu ni kuwauliza akina mama wangependa binti yao aolewe na mtu wa namna gani, kisha kutia alama kwenye kisanduku kimoja kati ya vinne: sura, umri, tabia, mali. Jibu lisipoingia popote, aliniagiza, weka mali. Mwishowe yote hurudi huko, alisema.

Nimeweka mali nyingi sana.

Mama mmoja alitaka boma ambalo wanawake wake wanasikizana. Mali. Mwingine alitaka mahali ambapo binti yake akiugua, habari zitamfikia siku hiyohiyo. Mali. Nilikuwa na haraka, na nikiri, nilijiona mjanja. Profesa ndiye atakayeamua nani aendelee na shahada ya pili, na nafasi hiyo naitaka mpaka naiota.

Darasani alituchorea ubaoni mwanamume mwenye mkuki. Nyuma yake, pangoni, mwanamke ameketi. Ameketi tu! Leo nikitazama ukungu nimemwona yule mwanamke akiinuka. Ametwaa kikapu, ametoka, na mtoto wake amepokewa na bibi mmoja mwenye mikono mikavu ambaye ubaoni hakuwepo. Nimewatazama muda mrefu. Sijui kama nilisinzia.

Waya ndiye aliyenirudisha duniani, ameingia na ungo wa maharagwe. Waya ni jagam: ukoo ukitaka kuoza binti, yeye hutangulia kuichunguza nyumba ya mume. Nikamuuliza, hivi hivi tu, huwa anachunguza nini.

"Naomba maji ya kunywa, nakaa jikoni, nangoja mtoto yeyote alie," akasema. "Natazama ni nani ananyanyuka."

"Na mali?"

"Tunaiangalia, nyathina, mwanangu. Sisi si malaika. Lakini ng'ombe hatakubebea mtoto ukienda kupalilia."

Kisha akafuta mikono kwenye leso. "Lete hiyo karatasi. Leo nakuuliza wewe. Unataka mwanamume gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kungoja, ameketi wima kama yuko nyumba ya watu. Nikafikiri kweli, pengine kwa mara ya kwanza, maana nimewauliza wanawake wa bonde zima na mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza. Nikasema nataka mtu ambaye dada zake hawamwogopi.

Waya akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Haya. Tia alama."

Nikashika kalamu. Sura, hapana. Umri, hapana. Tabia? Hata hiyo haikutosha, kwa sababu sikuwa namwona yeye peke yake. Nilikuwa nawaona dada zake, jikoni kwao, wakimkatiza maneno bila woga, na mimi katikati yao.

"Profesa wako angeiweka wapi?"

"Kwa mali," nikasema.

Waya alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Nami nikacheka tukiyaokota, halafu ghafla kicheko kikaniishia. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima. Wale mama walinikaribisha, wakanipa uji, wakaniambia mambo wanayoyapima usiku na mchana kwa ajili ya binti zao. Mimi nikawageuza watu wa kutaka vitu.

Kwa hiyo kesho nitaazima gambuti za Waya nirudi boma kwa boma. Nitauliza upya, na maneno yao nitayaandika nyuma ya fomu jinsi yanavyotoka. Ila fomu nilizojaza kule Rangwe zilishatangulia Nairobi kwa profesa wiki jana, na hizo siwezi kuzifuata kwa miguu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, huenda ile nafasi akapewa mwingine. Naogopa, sitajidanganya.

Barua nimeianza. Mchana wote nimepata sentensi moja tu, na sitaifuta:

Profesa, wanawake hawakusema mali; niliyesema ni mimi.