Anayemdai Ajitokeze

Tunduma, Juni 1974

Dada Mwanaasha, shikamoo.

Huku baridi imeshika, na Pili wangu ameanza kuota meno. Ile mikeka uliyotaka kuniletea niuze, usihangaike nayo tena. Duka halipo.

Lori langu liliungua na maharage ya watu, nami nikafilisika. Jana dalali wa mahakama alisimama mlangoni kwangu akatangaza, "Anayemdai Zahoro ajitokeze!" Maneno yaleyale uliyoyasikia siku tulipomzika baba. Wakajitokeza. Mizani, baiskeli, hata kitanda, vyote vikapigwa mnada nikitazama.

Mwisho akasogea mama Sekela, mkulima wa Igamba. Maharage mengi yalikuwa yake. Ameshazika na Waislamu wa hapa mara nyingi, anajua desturi yetu. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Mimi nimemsamehe."

Hakuna aliyecheka. Anayesamehewa hivyo, dada, huwa ameshavikwa sanda. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nimemshikia kikapu.

Wakikuuliza huko Pangani, waambie sijambo.

Ndimi mdogo wako,
Zahoro