Saruji Uliyomwagisha Bustanini kwa Mama

Kaka,

Huku tu wazima, na paka amezaa tena chini ya kabati. Salamu ziishie hapo, maana nimepandwa na mori.

Nani alikutuma ulete fundi amwage saruji bustanini kwa Mama? "Asije akateleza," ukaniambia kwenye simu. Mama alikuwa hatelezi, alikuwa anaongea! Tangu usahaulifu umzidi, hata jina langu limemtoka. Lakini kila asubuhi nilimpa jani la nyanya alifikiche, na akishanusa tu, maneno yanamjia: mbegu alipewa na nani, mvua ilichelewa mwaka gani. Sasa anakaa mlangoni anatazama sakafu yako, kimya.

Jana nikaomba jani kwa jirani. Mama akalifikicha, akanusa, akacheka. "Nyanya hizi anazimwagilia mwanangu wa kiume. Mche mmoja anaumwagia ndoo nzima, hana akili yule!"

Ni wewe huyo, Kaka. Picha yako ukutani haitambui tena. Ulikuwa umebaki kwenye udongo ule tu, nawe ukajifukia kwa mkono wako.

Pole zako sizitaki. Njoo na sururu.

Mdogo wako, anayekusubiri kwa hasira.