Neno Lililopoteza Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba neno huzeeka kwa kuachwa. Hapana. Neno lililoachwa hubaki vilevile, kama sahani za wageni kabatini. Linalozeeka ni lile linalosemwa kila siku na watu wasiotimiza ahadi.

Leo tumefika kwenye "soon". Kamusi yetu ya Kiingereza, ya watoto wa shule, tunaitengeneza watu wawili. Mimi naandika maana kwenye kadi, upande mmoja tu. Mke wangu anaisoma kwa sauti. Akikwama, nafuta. Asipokwama, kadi inaingia sandukuni. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote — kinachomkwamisha yeye, mtoto atakipitaje? Mimi namwita Mwalimu tangu kabla hatujaoana. Yeye ananiita Bwana Kadi. Wasiotujua hudhani tunagombana.

"Soon", basi. Waingereza wa miaka elfu iliyopita walisema "sona", na maana yake ilikuwa papo hapo. Si baadaye kidogo — papo hapo! Ukisema unakuja "sona", mguu mmoja uko mlangoni. Kisha watu wakaanza kulisema huku wameketi. Wakaendelea hivyo, wajukuu wakalirithi, mpaka likawa na maana ya "baada ya muda kidogo". Na hicho kidogo hakuna aliyewahi kukipima.

Nilimweleza Mwalimu wakati wa chai. Alifurahi kweli.

"Kumbe si sisi tu!"

"Si sisi tu."

"Andika hivyohivyo, wapunguze maringo."

Akaniongezea chai. Akaimimina pembeni ya kikombe, taratibu, kwa uangalifu mkubwa, mezani. Tukapangusa.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki ya macho. Tumekaa kwenye benchi kutwa.

Presha ya macho — ndivyo wanavyouita ugonjwa huu. Nijielezee mwenyewe, labda nitatulia. Ndani ya jicho mna maji. Yakikosa pa kutokea, yanasukuma. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati. Hauumi. Hapo ndipo penye hila. Mtu anadhani milango imekuwa myembamba, watu wamekuwa wakimya wakipita. Na kilichokufa hakirudi. Upasuaji haurudishi kitu. Unalinda tu kilichobaki.

Daktari ni msichana, umri wa wajukuu zangu, kama wangekuwapo. Anaongea chini chini. Alimpima, akapima tena. "Mama, la kushoto limeshakwenda. La kulia bado tunaweza kuliwahi. Lakini lifanyiwe upasuaji mapema."

Mwalimu akamshukuru, kama aliyeambiwa viatu vyake vinapendeza.

Anayepasua si yeye. Mpasuaji yuko safarini. Karani wa dirishani, mama mwenye kalamu nyuma ya sikio, akatuandika. Tutapigiwa simu. Lini? Hivi karibuni. Akaongeza: tusiende mbali, maana mtu akiitwa asipatikane, anarudi mkiani.

Tumerudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono. Vijana wakadhani ni mapenzi. Ni mapenzi pia. Lakini ngazi za pale nje, Mwalimu hazioni vizuri tena.

Alhamisi, 6 Machi

Simu naiweka mfuko wa shati. Naenda nayo chooni.

Imelia mara moja tu. Fundi bomba. Tulimwita tangu wiki iliyopita. "Niko njiani, Mzee, nafika sasa hivi!" Nyuma yake nikasikia kitanda kikilalamika. Mtu anageuka upande wa pili.

Nimesoma zaidi. "Soon" halikuzeeka peke yake. "Anon" nalo lilikuwa papo hapo. Asili yake ni kama kusema "katika moja", yaani kwa pumzi moja. "Presently" vilevile. Kila walipopata neno jipya la mara moja, wavivu walilifikia kabla wino haujakauka. Maneno yote yale yameteleza kuelekea upande mmoja. Hata moja halijarudi kupanda.

Kwetu je? Sasa hivi. Punde. Mara moja. Nisiendelee.

Jumapili, 9 Machi

Binti yetu amekuja. Mshonaji huyu, huongea kama anavyokata kitambaa, hapimi mara mbili.

"Baba, mnangoja nini?"

"Simu."

"Na simu inangoja nini?"

Akasema kuna hospitali kubwa mji wa pili, wanapokea yeyote anayewahi asubuhi, na mama wa mteja wake alipasuliwa wiki ileile aliyofika. Gari lipo, la jirani yake. Twende kesho!

Mwalimu akasema kwa upole, "Tukitoka, hawa wa hapa wakipiga?"

"Watakuwa wamepiga, Mama!"

"Tutarudishwa mkiani. Subira yavuta heri, mwanangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali ni kama nguo za mtumba, Mama, kila mtu anapata ya saizi yake."

Tulicheka wote watatu. Kisha binti akainuka kwenda kuosha vyombo na nikasikia maji yanatiririka muda mrefu bila chombo kugonga chombo.

Sisi ni walimu. Tumewafundisha watoto wa watu kusimama kwenye mstari, asisukume mtu, zamu yako itafika. Ukishayasema hayo miaka yote hiyo, miguu yako yenyewe inakataa kutoka kwenye mstari. Hata kama mstari hausogei. Hata kama dirishani hakuna mtu.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandikeje.

Niliiandika upya kadi ya "soon". Nikampa. Akavaa miwani, akaiinua, akasafisha koo kama siku zote. Akasoma. Sauti ileile ya darasani, inayopanda kwenye koma na kushuka kwenye nukta. Hakukwama hata mahali pamoja.

Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, na mwandiko wangu ulikuwa unanitazama mimi.

Aliishika kadi kinyume. Upande wake ulikuwa mweupe.

Alikuwa anasoma yale niliyomweleza kwenye chai. Neno kwa neno. Na ule mguu mlangoni — ambao kwenye kadi sikuuandika kabisa!

"Imepita?" akauliza.

"Imepita."

Nikaitia sandukuni. Ningefanya nini kingine? Nimekaa hapa najiuliza ni kadi ngapi zimeingia namna hii. Herufi S yote? Na R? Zote zilipita bila kukwama, nami nikajisifu kwamba uandishi wangu umenyooka uzeeni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kliniki peke yangu. Nimemwambia nakwenda kununua sabuni. (Nimenunua sabuni pia.)

Karani alikuwa anakula. Akanitambua. "Mzee wangu, shikamoo. Bado hajarudi. Karibuni tu."

"Marahaba. Karibuni lini, mama?"

"Karibuni ni karibuni, Mzee. Mimi ndiye niliyemtuma safari?"

Mtu mmoja benchini, mwenye kitambaa cha dawa jichoni, akadakia: "Hiyo karibuni mimi nimekaribishwa tangu mvua zilizopita! Hata chai sijapewa." Benchi zima likacheka. Karani naye alicheka. Nikacheka. Ni watu wazuri, hilo ndilo gumu. Ningempata mbaya mmoja ningemgombeza, nikalala usingizi.

Nilipokuwa natoka, yule daktari msichana akanifuata koridoni. Akatazama nyuma. Akaniuliza hali ya Mama. Nikamweleza habari ya kadi, sijui kwa nini, sikumweleza hata binti yangu. Akasema kwa sauti yake ya chini: "Angekuwa mama yangu, Mzee, nisingemngojesha hapa."

Kisha akaitwa chumbani.

Nimesimama koridoni na sabuni yangu. Watu wakinipita upande huu na upande huu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia yote. Koridoni, daktari, alivyosema. Tulikuwa kibarazani, yeye anachambua mchele kwa vidole. Siku hizi anachambua kwa vidole, naye husema ni mazoea.

Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Uliona nilivyoshika kadi ile?"

"Niliona."

"Ukasema imepita."

"Nikasema imepita."

"Mwongo mkubwa wewe, Bwana Kadi!" Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha hakuwa anacheka tena.

"Wakipasua, likaharibika?"

Nikaanza: daktari anasema mara nyingi —

"Nimekuuliza wewe. Daktari nilishamsikia."

Nimeeleza maneno ya watu maisha yangu yote. Hili sikuweza kulieleza. Nilishika ukingo wa sinia tu.

Akasema, "Nikikusogelea hivi, nakuona. Kama kwa tundu la ufunguo. Pua na jicho moja, basi. Lakini nakuona. Afadhali hicho, kuliko kuingia pale nikatoka sina hata tundu."

Kwa hiyo hakuwa anangoja simu. Mimi ndiye niliyekuwa nangoja simu. Yeye aliogopa tangu siku ya benchini, na simu ile isiyolia ilimfaa. Kila siku isiyolia ilikuwa siku nyingine ya kutokatwa. Nami nikimpongeza kwa subira!

Niandike hili, maana ni la kwenye kadi na sijaliweka. "Soon" lina mtoto, "sooner". Mwingereza akisema "I would sooner" jambo fulani, hasemi habari ya saa hata kidogo. Anasema afadhali. Anasema hiki nakitaka kuliko kile. Na njia yake inaeleweka: unachokipenda zaidi ndicho ungetaka kije kwanza. Kwa hiyo muda ukayeyuka ndani ya neno, ukabaki moyo mtupu.

Mke wangu ana afadhali yake. Daktari ana yake. Binti ana yake. Yangu ni ipi? Ningependa aone. Ningependa pia asiogope. Viwili hivi haviingii kwenye kadi moja, na hatuna muda wa kadi mbili, maana kile alichokishika, lile tundu, nalo linazibwa. Hilo ndilo asilotaka kusikia. Hakuna kubaki na hicho kidogo. Kidogo hakibaki.

Nilimwambia hivyo hasa, kwa sauti. "Hakibaki, Mwalimu."

Akaendelea kuokota mchele sakafuni, punje moja moja, kwa kupapasa. Nikashuka kumsaidia. Magoti yetu mawili mawili yalilia kama milango.

Jumapili, 16 Machi

Binti amelala hapa. Amezungumza na mama yake chumbani, mlango umefungwa. Sikusikiliza. Nimesikia tu mwisho, sauti ya Mwalimu: "Haya. Haya, basi. Kesho."

Simu haijalia. Nimeiacha jikoni.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi. Gari liko nje, linanguruma. Binti yuko kwenye usukani, ameshapakia mto, maji, kanga, na vyeti vya kliniki. Kule wagonjwa wapya hupokelewa mpaka saa nne, baada ya hapo ni kesho. Barabara ni mbovu. Tungekuwa tumeshaondoka.

Mwalimu yuko chumbani. Nilibisha.

"Nakuja sasa hivi. Natafuta kitambaa cha kichwa."

"Nikusaidie?"

"Nakijua kilipo."

Mlango haukufungwa vizuri. Ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa viatu. Kitambaa kiko mapajani mwake, amekishika kwa mikono miwili. Hakitafuti. Amekaa tu, uso kwenye ukuta, kama mtoto aliyeambiwa asimame pale mpaka kengele ilie.

Nikarudi nyuma, polepole, nisimshtue. Nikaja mezani. Nikajiambia nampa dakika moja ya faragha. Nikafungua daftari. Kumbe na mimi! Mtu mzima, msomi, gari linaunguruma, nami ninatengeneza sentensi.

Ningemlazimisha vipi? Sijawahi kumlazimisha kitu. Hata siku ya harusi nilimwuliza mara tatu mpaka wazee wakachoka. Na akisema hapana, mlangoni, mbele ya mtoto? Na akisema ndiyo, halafu jicho lile likaenda, nitamsomea nini?

Binti amepiga honi.

"Sasa hivi!" — Mwalimu, kutoka chumbani. Sauti nzuri, ya furaha, ya kudanganyia wageni.

Binti amepiga tena, ndefu. Namsikia anafungua mlango wa gari. Akiingia yeye kutakuwa na kelele na machozi, na mama yake atapata sababu ya kutokwenda.

Funga daftari, Bwana Kadi. Ingia chumbani, mfunge kitambaa wewe mwenyewe, mshike mkono, mtoke.