Mama Nyiramana, Mkono Uliochagua Mbegu za Kilima Chetu

Mama,

Tangu ututoke tumevuna maharage mara mbili, na ya msimu wa tatu yanaota wakati huu tunapokuandikia. Kwa hiyo hatuhitaji kalenda kujua kwamba mwaka umetimia. Anayeshika kalamu ni mimi Byukusenge, kifungua mimba wako. Kaka Habumugisha anasema niandike mimi kwa sababu nina maneno mengi. Maneno hayo nimeyarithi kwako, basi lawama ni zako.

Kwanza asante. Asante kwa uji wa mtama uliokuwa mzito hata kijiko kikasimama chenyewe. Asante kwa kutuamsha kulima kabla ya jua, ingawa wakati ule hatukukushukuru hata kidogo. Asante kwa lile swali lako, "Mulikula?", ulilomtupia kila mpita njia. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Lushebere walipoongezeka uliwauliza wote vilevile, na aliyejibu hapana alikaa chini akala, hata kama sisi tulikuwa tumeshaanza kuhesabu viazi kwa macho.

Mume wako, Papa Evode, anasema nyumba imekuwa kimya mno. Miaka arobaini alilalamika kwamba unaharibu nyimbo za kanisa. Sasa anaziimba mwenyewe, na anaziharibu kuliko wewe.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, wasikie kazi yako. Kwenye kilima chetu, kabla ya kupanda, wanawake huleta maharage yao kwa mama mmoja anayeketi kwenye mkeka. Yeye huchagua ya mbegu, na yaliyokunjamana huyarudisha yapikwe. Mkono huo lazima uwe wa mwanamke aliyeacha kwenda mwezini. Mkono mwingine ukigusa mbegu, hakuna atakayekubali kuzipanda. Mkeka ulipewa na mama mkwe wako, ukaukalia miaka kumi na moja. Ulikuwa unajua punje mbovu kwa kuigusa tu, huku unaangalia pembeni na kupiga soga. Ulikuwa na majivuno kidogo, Mama, tuseme ukweli. Hata wali wa harusi ulikuwa unauchagua kwa vidole ukitafuta mawe, mbele ya wenye harusi.

Ndiyo maana damu iliporudi ulinyamaza.

Ulikuwa na miaka sitini na mmoja. Yalianza madoa machache kwenye kitenge, baadaye yakawa mengi. Kusema kungekuwa kuutoa mkeka. Basi ulikata kitenge cha zamani vipande vipande, ukawa unavifua nyuma ya zizi la mbuzi, na ukaendelea kuchagua mbegu misimu miwili. Tulifua nguo pamoja mtoni kila Jumamosi na sikuona kitu. Hilo bado linaniuma kuliko yote.

Uliposhindwa kupanda kilima, nilikupeleka kwenye kituo cha afya. Tulirudi huko mara tatu, na mara tatu tulipewa vidonge. Nilipouliza kama inaweza kuwa kansa ya mji wa mimba, muuguzi alicheka kwa upole.

"Ile iko ugonjwa ya wazungu," alisema, "ao ya ba mama banene ba biashara. Weye uko mukavu, mama, weye uko mulimaji."

Tulimwamini, kwa sababu nasi tulikuwa tunasema hivyohivyo. Kwenye kilima tulisema ugonjwa huo ni wa wafanyabiashara wa kutoka Butembo, wanaokula vizuri. Wafanyabiashara nao walisema ni wetu, watu wa kilima na miiko yetu. Kila kabila lilimpa jirani ugonjwa huu, kisha wote kwa pamoja tukawapa wazungu. Na wakati huo ulikuwa ndani yako.

Aliyekutoa hapo ni Mama Kavuo, mmoja wa hao wa Butembo, mwenye duka la chumvi na sabuni karibu na soko, yeye aliyekuwa ananunua maharage yako na kubishana nawe kila mara. Alikuona umeegemea ukuta wa duka lake, akamwita mume wake, Papa Valentin. Yeye alikuketisha mbele kwenye lori lake la viazi na kuendesha kama mtu aliyebeba mayai. Safari ya siku moja ilitwaa siku tatu, matope huku, vizuizi kule. Papa Valentin, asante. Mama alisema lori lako lilikuwa na mto mzuri kuliko kitanda cha kwetu.

Kule mjini, hospitalini, Daktari Théogène alichukua kipande kidogo ndani ya kizazi, kikaenda kupimwa. Majibu yalipokuja hakutuficha. Ugonjwa ulikuwa umeshatoka kizazini na kutembea. Wewe hukulia. Ulitaka kujua tu kwa nini wewe, mwembamba, wa kilima.

"Mama, hii ugonjwa haichague kabila," alikujibu. "Hata kule Amerika, na mashini yao yote, ba mama beusi njo ugonjwa yabo inajulikana mwisho, na njo banakufa mingi kupita wazungu."

"Kule nako banabaambia iko ya wengine?" uliuliza.

"Mara mingi habasikilizwe, mama. Na mara mingi mashini ya kuangalia kizazi inapita pembeni, haione ugonjwa."

Ukasema, "Basi miye nitasema. Munirudishe nyumbani mbele ya kupanda."

Nilikusihi usiseme, Mama. Leo nakiri mbele ya wote. Niliogopa watasema mbegu za misimu miwili zilikuwa chafu, na kwamba jina lako litaharibika ukiwa bado hai. Wewe ulijibu kwamba jina haliendi kaburini na mtu, na ukaniambia nikung'ute vumbi la mkeka.

Siku ya mbegu walikuja wanawake wa kilima kizima. Mama Kavuo naye alikuwepo, ameshika kilo ya sukari ya kukupa. Ukaketi kando ya mkeka, si juu yake.

"Damu ilirudia miye na niko muzee," ulisema. "Nilificha kwa sababu ya huu mukeka. Haiko baraka, haiko uchawi, iko ugonjwa, na iko naniua. Mwanamuke mwenye alikoma, akiona hata doa moja, aende kwa munganga wa hospitali. Na ule mwenye hayakoma, kama damu inakuja ovyo ovyo, naye aende. Asingoje mavuno. Mbegu zenye niliwapa ziliota zote, munajua. Munisamehe."

Mwanamke mmoja alibeba kikapu chake akaondoka. Wengine walibaki, na Mama Umurerwa, rafiki yako wa tangu ujana, alikuja akakukumbatia mbele ya wote. Ukamkabidhi mkeka. Nilijua kuutoa ndio uliokuwa mzigo wako mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Wiki sita baadaye tulikuzika.

Sasa, Mama, sikia jambo ambalo hukulijua. Ndiyo sababu kubwa ya barua hii.

Mama Kavuo alikuwa na miaka arobaini na sita. Damu ilikuwa inamjia katikati ya mwezi, naye alikuwa anasema ni uchovu wa duka. Siku ile alirudi na kilo yake ya sukari mkononi, amesahau kukupa. Asubuhi iliyofuata alipanda lori la mume wake. Daktari Théogène alimchukua kipande kama chako, akauona ugonjwa uleule, lakini wake ulikuwa bado umekaa mahali pake. Walimtoa kizazi wiki tatu baada ya mazishi yako. Yuko mzima, Mama. Anabishana kama zamani.

Yeye alikuwa na lori na ndugu mjini. Wewe ulikuwa na miguu na kilima. Tunafurahi kwamba yu hai, wala hatumwonei wivu. Lakini tunasema wazi, tungependa siku moja mama wa kilima afike mapema kama mama wa duka, na mama yeyote, wa kabila lolote, akisema anatokwa damu aaminiwe mara ya kwanza.

Mwaka huu, siku ya mbegu, Mama Kavuo alikuja tena. Macho ya Mama Umurerwa yamefifia, akasema anahitaji msaidizi. Akamwonyesha mkeka.

"Huyu haende tena ku mwezi. Akae hapa."

Watu walinong'ona. Mtu wa duka? Hajawahi kushika jembe!

"Mukono iko mukono," alisema Mama Umurerwa. "Akae."

Akaketi mahali pako. Ungecheka, Mama. Alichagua vibaya sana, mazuri kwenye chungu, mabovu kwenye mbegu, mpaka Mama Umurerwa akampiga vidole. Lakini kila mwanamke aliyemletea kikapu alimuuliza kwa sauti, kama wewe ulivyokuwa unauliza kama tumekula: "Na weye, damu iko namna gani?" Sasa hakuna kikapu kinachopita mkekani bila swali hilo. Wawili wameshakwenda kwa daktari. Mmoja wao ni yule aliyebeba kikapu chake akaondoka.

Jana Papa Evode alinipeleka shambani. Mbegu za mkono wa Mama Kavuo zimeota, mstari kwa mstari, hakuna pengo. Alizitazama, akaanza kuimba, akaharibu wimbo.

Wanaokukumbuka kwa upendo na shukrani: mume wako Papa Evode, wanao Byukusenge, Habumugisha na Tuyishime, mkwe wako Anne, wajukuu wako, akiwemo Tuyizere mdogo anayekula maharage mabichi kama ulivyokuwa unamkataza, dada yako Constance wa Walikale, Mama Umurerwa, na Mama Kavuo na Papa Valentin, ambao sasa ni wa ukoo.

Sukari ile, Mama, Mama Kavuo aliileta siku ya kumaliza matanga. Tuliinywa kwenye chai, wote.

Hakuna msimu tutakaopanda bila kukutaja.